Barua kwa Mama Kulwa: kuku wa watoto, na habari ya Shangazi

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikiwa nshapanda kitandani, nikaanza kukujibu kwa kidole kimoja kimoja alafu chaji ikaisha, bas nimeona leo nikae hapa barazani na chai yangu nikuandikie kama barua, maana ulichouliza si cha kujibiwa "sawa mwanangu" mtu ukalala. Umesema Kulwa na Doto wanataka kuku. Si wa kula, wa kukaa nao tu, na majina wameshachagua hata kuku wenyewe hawajafika. Umeuliza uwakubalie au uwazungushe mpaka wasahau. Alafu mwishoni huko, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni, ukauliza hivi mama, yule kuku wetu Shangazi kweli aliibiwa?

Hilo la Shangazi nitalifikia. Niache kwanza.

Wakubalie. Ila usinunue vifaranga wa njia ya panda wanaouzwa kwenye boksi, najua watoto watawalilia wale maana wanapendeza, lakini kifaranga anataka joto usiku na mchana na mume wangu Doto ana mkono mzito, atambana mmoja kwa mapenzi na kesho yake mna msiba. Chukua mitetea miwili au mitatu iliyokaribia kutaga, ya miezi mitano hivi. Mmoja peke yake usichukue, kuku ni mtu wa watu, akikaa peke yake anasinyaa anasimama pembeni kama mgonjwa. Na jogoo usichukue. Najua mkwe wangu atasema bila jogoo hakuna mayai, mwambie mama mkwe kasema kuku anataga bila jogoo vizuri tu, yai lenyewe ndo halitotoi. Huko Chanika mmepakana ukuta kwa ukuta, jogoo akianza saa kumi alfajiri siku ya kwanza jirani atacheka, wiki ya pili atakuja na mwenyekiti wa mtaa.

Banda liinuliwe kutoka chini, liwe na fito za kulalia maana kuku halali sakafuni akipata pa kupanda, na waya uwe wa matundu madogo. Usimwachie fundi akuwekee ule wa matundu makubwa kwa sababu ni rahisi. Kicheche anapenyeza mkono, na kicheche halagi mmoja akashiba akaondoka, anaua wote anawaacha hapo. Chakula ni pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa wale wa kupondeka waliobaki chini ya gunia, mchicha ufunge juu juu waurukie, na maganda ya mayai uyaponde uwarudishie. Maji masafi kila siku, hapo ndo watu wengi wanapokosea. Na majivu makavu kwenye kona yaliyochanganywa na mchanga, wajigaragaze watoe utitiri. Watoto wakishawashika wanawe mikono kwa sabuni, na kuku asilale ndani hata Kulwa akilia vipi.

Sasa raha yake. Hapa nisipojizuia nitaandika mpaka jioni.

We unamkumbuka Shangazi kwa lile shingo lake jekundu tu, alikuwa kishingo, hana unyoya hata mmoja kuanzia kidevuni mpaka kifuani, na mlimwita Shangazi kwa sababu alikuwa anaingia ndani kila asubuhi anakagua. Anaanzia jikoni, anachungulia chini ya meza, anapita sebuleni akigeuza kichwa jicho moja moja, krrr krrr krrr, kama kaona vumbi na anajiuliza mke gani huyu, alafu anatoka mlango wa nyuma bila kuaga. Shangazi yenu wa kweli alipokuja likizo akamuona mkacheka mpaka akauliza mnacheka nini. Hatukumwambia, na usimwambie hata leo.

Huyo kuku alikataa kutaga bandani. Nilimwekea kiota cha majani, nikamwekea na yai la kumdanganyia, akakanyaga akaenda zake. Siku moja nimerudi shule na madaftari ya darasa la nne kwenye kapu, nimeliweka chini ya kitanda nikasema nitasahihisha usiku. Nimelivuta naona daftari la juu lina joto. Yai lile, na unyoya mmoja wa tumboni umelala pembeni yake kama risiti. Nikaliweka shavuni kwako ulikuwa unasoma pale, ukaruka. Tangu siku hiyo hakutaga kwingine, nikawa nafundisha watoto wenye madaftari yananuka kuku, na kila akishataga lazima atoke akasimame kizingitini atetee, ko-ko-ko-kodaa, mtaa mzima ujue kwa mwalimu leo kuna yai. Baba yenu alikuwa anasema huyu angekuwa binadamu angegombea udiwani.

Alipoatamia mara ya kwanza mlichora mistari ya mkaa ukutani kuhesabu siku. Siku 21. Alikuwa anatoka mara moja tu kwa siku, anakula mbiombio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, anakunywa, anarudi. Ya ishirini jioni mkaweka masikio mkasikia milio ndani ya mayai na mkagoma kula. Walitoka tisa kati ya kumi na mbili, matatu viza. Na ndo nikajifunza kwamba kuku ana maneno. Mwewe akipita juu anatoa sauti moja ndefu nyembamba, vifaranga wote wanazama chini ya mbawa au kwenye kichaka hapohapo. Paka akija kwa chini ni kelele nyingine kabisa, ile ya kukatakata ya fujo, na hapo hazami mtu, hapo mama mwenyewe anatoka kupigana. Nilikuwa naweza kusonga ugali nimegeuzia uani mgongo na nikajua adui anatokea juu au chini.

Kwenye tuta la vitunguu la baba yenu ndiko alikokuwa anaoga mavumbi, analala ubavu, anatandaza bawa moja, anajimwagia udongo mpaka macho yanafumba kwa raha. Vitunguu vyote vya pale vilikauka. Mzee analalamika lakini hamfukuzi.

Haya, huzuni.

Ya kwanza ni kideri, sisi huku wengine tunaita mdondo. Ulikuwa darasa la tatu, kiangazi, ule upepo wa Singida unaokausha midomo. Nilikuwa na kuku thelathini na kitu. Nilikuwa nimechanja, yaani nilidhani nimechanja, chanjo niliinunua dukani mahali ilikokuwa imekaa dirishani juani na mimi sikujua kuuliza, nikatia kuku matone machoni nikalala usingizi. Ilianza kwa mmoja kusimama mbawa zimeshuka, kinyesi kijani, alafu shingo inapinda inaangalia nyuma, anazunguka palepale. Ndani ya wiki wamebaki watatu. Na jirani mmoja alikuja kunishauri niwachinje waliobaki niwauze haraka kabla hawajafa, na wengi ndivyo wanavyofanya na ndivyo ugonjwa unavyotembea kutoka mtaa hadi mtaa. Baba yenu alichimba shimo refu nyuma ya choo tukawafukia, mkatuangalia kwa dirishani. Kwa hiyo sikiliza, kideri hakina dawa, ukishakiona umechelewa. Ni chanjo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, bila kusema nitafanya mwezi ujao. Kaulize ofisi ya mifugo ya kata, beba chupa kwenye chombo chenye ubaridi, na kwa kuwa chupa moja ni ya kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi akiba, waite majirani wenye kuku mchange. Na kuku wa jirani wakipona ndo na wako wamepona.

Shangazi alikuwa mmoja wa wale watatu. Sasa unaelewa kwanini nilikuwa vile juu yake.

Mwanangu, Shangazi hakuibiwa.

Ulikuwa darasa la tano. Mimi nilienda mnadani Jumamosi, nyie mko mtoni kufua, nyumbani kabaki baba yenu. Akaingia baba yenu mkubwa kutoka Manyoni na wazee wawili, hawakutoa taarifa, na siku hizo simu ziko wapi. Unajua mila, mgeni wa hivyo hapewi mchicha. Baba yenu akamwambia yule kijana wa jirani, huyohuyo unayemjua, nikamatie kuku mmoja. Na kijana akafanya kama mtu yeyote angefanya, akafukuza huyu akakimbia, akafukuza yule akapanda mpapai, akageuka akakuta mmoja kasimama mlangoni anamwangalia, hakimbii. Akainama akamwokota. Mwanangu yule kuku tulimfundisha sisi wenyewe kutokimbia watu.

Nimerudi nakuta beseni la maji ya moto na manyoya. Nikatafuta shingo. Sikuhitaji kutafuta sana.

Sikusema kitu, wageni wako barazani wanacheka. Nilimpika. Niliunga na nyanya na karoti, nikatenga firigisi ya baba yenu mkubwa, nikawapakulia, na nyie mliporudi na njaa zenu nikawapa. We ulikula paja, ukaomba mchuzi mara ya pili. Mimi nikasema tumbo linanisumbua.

Jioni ukatoka na kopo la mahindi ukawa unaligonga, ta-ta-ta, vile ulivyokuwa unamwita. Wote wakaja yeye hayumo. Ukazunguka nyumba, ukaenda mpaka kwenye mawe kule nyuma, giza linaingia bado nasikia kopo. Ukarudi ukaniuliza na mimi ndo nikasema kaibiwa. Neno limetoka tu. Nilidhani nimekupunguzia.

Kesho yake ukaanza kutafuta mwizi, na mtoto aliyeonekana uani kwetu jana yake ni nani, si yule kijana? Ukamwita mwizi mbele ya wenzake kisimani. Muhula mzima hukumsalimia, na yeye hakusema kitu, kwa sababu baba yenu alikuwa ameshamwambia asiseme. Mtoto wa miaka kumi na mitatu kabeba uongo wa watu wazima na jina la wizi juu yake. Mimi nilikuwa namuona anapita naye anaamkia, "shikamoo mwalimu", na mimi naitikia marahaba kama sina ninalolijua. Sasa hivi ana bodaboda, ana watoto watatu, akipita hapa lazima aulize we hujambo huko Dar. Nimemwomba radhi mwaka juzi tulipomzika baba yenu. Akacheka akasema mama yameisha hayo. Labda kwake yameisha. Nakutumia namba yake, sikulazimishi.

Ndo maana umeniuliza kama uwadanganye wale mapacha na nimekaa hapa chai imepoa. Kuku akifa, na mmoja atakufa tu, akitunzwa anaweza kufika miaka sita saba hata na zaidi lakini wengi hawafiki, waonyeshe, wamzike wenyewe, walie. Na mkae na baba yao leo mkubaliane kwa mdomo wale kuku hawaliwi, akija mgeni mnanunua kuku sokoni au mnapika nyama. Kuku wa kufuga kwa kula mfuge kama mnataka, mimi nimefuga na kuchinja maisha yangu yote na sioni dhambi, ila wale wasipewe majina na wale wa majina wajulikane.

Baba yenu hakuwahi kuniambia samahani, unamjua. Lakini wiki ile ya pili nilikuta kakata kitambaa cha kitenge changu, kile cha njano, kaenda bandani usiku kawafunga miguuni wale kuku wawili waliobaki wa zamani. Hakuniambia ni cha nini. Asubuhi naona kuku wanatembea na vitambaa miguuni, najua. Toka siku hiyo nyumba hii mwenye kitambaa haguswi hata aje rais, na nikifunga mpya nakata kitambaa kilekile, kimebaki kipande kama kiganja.

Nimekutengea mitetea mitatu, wawili weusi na mmoja kishingo, mjukuu wa mjukuu wa nani sijui, damu yake imo humu uani maana wale vifaranga wengine tuliwagawa na wakarudi kwa njia zao. Nitawaweka kwenye tenga, nawapandisha basi la alfajiri Ijumaa, kondakta nitampa namba yako. Usichelewe stendi, safari ni ya kutwa nzima na buti lina joto. Wakifika maji kwanza, chakula baadaye, na uwafungie bandani wiki nzima ndo uwafungulie, wajue hapo ni kwao. Utawakuta na kamba mguuni kama kuku yeyote mgeni, hiyo katakata. Kitambaa cha njano usikifungue.

Mke mwenzangu Kulwa mwambie kishingo hajanyolewa, kazaliwa hivyo.

Mama yako