Kabla hujapasua samaki wa kwanza: kwa wanaoanza kuchunguza plastiki baharini

Wengi wanaojiunga nasi maabara huja na mchoro mmoja kichwani: planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) humeza chembe ya plastiki, dagaa akamla planktoni, kibua akamla dagaa, jodari akamla kibua, na plastiki ikazidi kulimbikizana kila ngazi kama inavyofanya zebaki. Nusu ya mchoro huo ni kweli, na nusu ya pili ndiyo inayoharibu ripoti za wanafunzi. Zebaki huingia kwenye nyama ya samaki na kukaa humo, ilhali chembe ya plastiki isiyofikia milimita 5, kwa kawaida, hupita utumboni na kutoka na kinyesi. Kwa hiyo, ukiikuta tumboni, umeiona ikiwa safarini. Swali la maana ni muda ilioukaa humo, na ni nani aliyemla mwenye tumbo hilo kabla haijatoka.

Mwaka 2013 watafiti Farrell na Nelson waliwalisha kome punje za plastiki aina ya polistirini zenye upana wa nusu ya maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha wakawapa kaa nyama ya kome hao. Punje zilionekana katika damu ya kaa, zikafikia kilele baada ya saa 24, na kufikia siku ya 21 zilikuwa zimekaribia kwisha. Uhamisho ulithibitika, ulimbikizaji haukuthibitika, na usiandike kimoja kwa jina la kingine. Kumbuka pia kwamba punje hizo zilikuwa ndogo mno. Kipande cha milimita 2 hakipenyi ukuta wa utumbo kwa namna hiyo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2018, kuhusu sili wa kijivu, mamalia wa baharini wanaokula samaki, waliotunzwa katika hifadhi moja huko Cornwall, Uingereza, na kulishwa samaki waliovuliwa baharini. Takriban nusu ya sampuli za kinyesi chao zilikuwa na chembe za plastiki, na takriban theluthi moja ya samaki wa aina hiyohiyo waliopimwa walikuwa nazo pia. Hakuna sili aliyepasuliwa: watafiti walichunguza kinachoingia na kinachotoka, wakapata jibu.

Ndiyo maana nawasihi msidharau kinyesi. Planktoni wadogo wakila polistirini, kinyesi chao huwa chepesi na huzama polepole, na kadiri kinavyochelewa kuzama ndivyo kinavyopata nafasi ya kuliwa na wengine njiani. Plastiki yenyewe nayo haikai mahali pamoja. Polithini na polipropilini huelea, poliesta na nailoni huzama, lakini hata zile zinazoelea hushuka zikishaotwa na utando wa vijidudu. Katika ghuba ya Monterey, Marekani, sampuli zilizochukuliwa kwa roboti za chini ya maji zilionyesha chembe nyingi zaidi kati ya mita 200 na 600 kuliko juu, ambako wengi wetu tulizoea kuzitafuta. Anayechota maji ya juu pekee, kisha akashangaa samaki wa kina kirefu wamezipata wapi, ajilaumu mwenyewe.

Sasa niwaeleze aibu yangu. Katika kazi yangu ya kwanza, dagaa wanane mfululizo walitoa nyuzi za buluu, zote nyembamba, zimejikunja vilevile chini ya hadubini. Nilikwisha kuanza kuandika aya ya matokeo pale fundi wetu mmoja, mtu asiye na maneno mengi, aliponishika mkono na kunionyesha sweta yangu ya buluu ikichungulia kwenye mkono wa koti jeupe. Kiyoyozi kilikuwa kikali, nami nilikuwa nimejikinga baridi kwa gharama ya wiki mbili za kazi. Tangu siku hiyo huvaa pamba tupu, na kando ya kila samaki ninayempasua huweka wazi kisahani chenye karatasi ya chujio iliyoloweshwa. Kinachotua humo hakihusiani na bahari, na idadi yake lazima itajwe kwenye ripoti.

Ukiyeyusha nyama kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 ili ibaki plastiki tu, usiharakishe kwa kuongeza moto, kwa maana magadi makali yenye joto huila poliesta yenyewe, ukabaki na hesabu pungufu bila kujua. Usiamini rangi wala umbo pia. Waliochunguza sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza walipima vipande kwa mwanga wa infraredi, unaotambulisha aina ya plastiki, kabla ya kusema kwamba asilimia 20 ya kila aina walikuwa na plastiki. Ni ziwa, si bahari, lakini utaratibu ni huohuo.

Kwa wanaofanya kazi pwani yetu, anzeni na dagaa. Jodari hutolewa matumbo kabla hajafika jikoni, lakini dagaa huliwa mzima na utumbo wake, sawa na chaza na kombe, kwa hiyo kilichomo tumboni mwake hufika kwa mlaji bila kupungua. Mwulizeni mvuvi alimvua vipi na samaki huyo alikaa wavuni kwa muda gani, kwa sababu samaki aliyebanwa humeza vilivyomo humo, nyuzi za wavu wenyewe zikiwemo. Mwombeni akate kipande cha wavu huo mkiweke kwenye chupa ya kioo, kipimwe siku moja na samaki wake.