Anzeni na joto lenyewe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayetaka kuzungumzia kiangazi kwa Kiingereza aanze na maneno gani? Najua wengi watawatajia ufuo, miwani ya jua na aiskrimu. Hayo yana picha katika kila kitabu cha kujifunzia, hayamsumbui mtu. Mimi nafundisha Kiingereza watu wazima, na huwa naanza na joto, maana ndilo watu wanalolilalamikia kutwa nzima.

Joto la Kiingereza lina madaraja. Kuna "warm", joto la kupendeza, kisha "hot", halafu "boiling" na "scorching", ambayo ni ya kutia chumvi. Hapa ndipo wanafunzi hukwama. Wakishazoea "very hot", wanasema "very boiling", na haisemwi hivyo. Neno lililokwisha kufika kileleni halitaki "very", linataka "absolutely". Kisha kuna lile joto la unyevu, la shati kunata mgongoni. "Humid" utalisikia hata kwenye utabiri wa hali ya hewa. "Muggy" ni la mazungumzo. Waingereza wana pia "close", na mgeni akilisikia hudhani habari ni ya kitu kilicho karibu.

Kwenye taarifa za habari utakutana na "heatwave". Hilo si joto lolote tu. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza hulitumia pale joto la mchana linapofikia kiwango kilichowekwa kwa eneo husika, kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi, kwa siku 3 mfululizo au zaidi. Kwa aliyezoea jua kali, nyuzi 25 ni kichekesho, ila nchi hiyohiyo ilifika 40.3 huko Coningsby, Julai 19, 2022.

Sarufi ya "summer", yaani kiangazi chenyewe, ni fupi. "In summer" na "in the summer" zote sawa, lakini "this summer" na "last summer" hazitanguliwi na "in". Na "summer" huanza kwa herufi ndogo, ingawa "July" hupewa kubwa. Msiniulize kwa nini.

Likizo nayo: Mwingereza husema "holiday", Mmarekani "vacation", kwa kuwa kwake "holiday" ni sikukuu, kama ile ya Julai 4. Na ukiwa na rafiki Melbourne, Australia, salamu za kiangazi mtumie Desemba. Ukizituma Julai, zitamkuta kwenye sweta.