Maswali Yenu: Picha za harusi zimekatwa vipande 15, majina yapo lakini hazifunguki

SWALI: Assalamu alaykum. Mie nipo Wete, Pemba, napiga picha za harusi upande wa wanawake. Kadi ya kamera ya GB 32 ilikataa kusoma nshamaliza kazi ya watu, nikaipeleka kwa boti kwa fundi mmoja Unguja, akaninakilia kadi nzima kwenye flashi, mafaili 15, harusi.1 mpaka harusi.15. Kadi saa hii imekufa kabisa. Mdogo wangu kayaunganisha kwenye laptopu yake ya Linux kwa cat harusi.* > zote.img, tukafungua kwenye programu ya kurejesha data, majina ya picha zote tunayaona, za hina zinafunguka lakini za nikaha na za kumtoa bi harusi hata moja haifunguki. Fundi hapokei simu na wenye harusi wananidai. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam dada. Usikate tamaa, kwa unavyoeleza picha zako zipo ila vipande vimeungwa kombo. Ile kamandi inapanga majina kama kamusi, herufi kwa herufi, haihesabu, kwa hiyo ikimaliza harusi.1 inachukua harusi.10, 11, 12 mpaka 15 ndo inarudi harusi.2. Kwenye skrini mnaona 1, 2, 3 zimejipanga vizuri kwa sababu dirisha la mafaili linajua kuhesabu, mkaamini na kamandi inajua. Na orodha ya majina ya kadi inakaa mwanzoni, kwenye kipande cha kwanza, ndo maana majina yote yapo na hina zinafunguka, zilizobaki programu inakwenda pale orodha ilipoielekeza, ikifika inakuta kitu chengine.

Kukata vipande si kosa la fundi, flashi nyingi ni FAT32, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili, na hiyo haipokei faili moja la kufika GB 4. Tatizo ni majina tu, angeanza na 001 yasingekukuta haya.

Sasa kabla hujaunga tena tazama ukubwa wa kila kipande kwa baiti. Vipande 14 vya mwanzo viwe sawasawa kabisa, mfano 2,147,483,648 kila kimoja, na cha 15 tu ndo kiwe kidogo. Kikipungua cha katikati basi hakijamaliza kunakiliwa, kinakili upya kutoka kwenye flashi. Halafu badilisha majina, harusi.1 iwe harusi.001, harusi.10 iwe harusi.010, hivyo hivyo mpaka 015, ndo mdogo wako aandike cat harusi.0?? > harusi.img, na hiyo harusi.img ikae kwenye diski ya NTFS au exFAT, mipangilio inayopokea faili kubwa, yenye nafasi ya kutosha, maana ni GB 32 nyengine juu ya zile za vipande na picha zitakazotoka nazo zinataka pahala pao. Kama mnatumia Windows ni copy /b na vipande mvitaje kimoja kimoja kwa alama ya kujumlisha, hiyo /b msiisahau hata kidogo, bila yake inaunga kama maandishi na inaweza kukata faili katikati.

Zipo programu ukizifungulia 001 zinatafuta zenyewe vipande vengine, lakini viwe folda moja na jina moja.

Na ikitokea kipande kimoja kimeharibika moja kwa moja, tuseme cha 7, usikiruke, ukikiruka vyote vinavyokifuata vinasogea na humo hutopata kitu. Weka faili tupu la ukubwa ule ule, truncate -s 2147483648 harusi.007, utapoteza picha za humo tu.

Jambo moja linaniuma, hizo ni picha za wanawake hawajajifunika, na flashi nzima ishapita mkononi mwa mtu. Ikikushinda usiitume tena, mtafute mwanamke mwenzio anayejua kompyuta aje afanye hapo hapo kwako ukiwa umekaa naye.