Kitabu kiache kwanza, tafuta safu

Mswada wangu wa kwanza ulikaa miaka minne kwenye kompyuta. Sura ya kwanza niliiandika upya mara 11. Ya pili haikufika mwisho. Nilitaka kitabu kizito kuhusu mwili wa binadamu, na kila nikifungua faili narudi kwenye aya ileile ya ufunguzi: leo nafuta "hivyo basi" naweka "kwa hiyo", kesho narudisha "hivyo basi".

Aliyenitoa hapo ni mwandishi wa Marekani, Isaac Asimov. Wengi wanamjua kwa hadithi za maroboti, lakini kati ya vitabu karibu 500 alivyoandika au kuhariri, vingi si hadithi. Ni sayansi, historia, hata Biblia. Kipaji alikuwa nacho, sikatai, na taipureta aliipiga mbio. Kilichonishika mimi ni safu yake ya sayansi katika jarida moja la Marekani. Aliianza Novemba 1958, akaiandika mwezi kwa mwezi mpaka afya ilipomkatalia: makala 399. Zikifika 17 hivi, zinakusanywa, kitabu hicho kimepatikana.

Nami nikabisha hodi kwa mhariri mmoja, nikapewa maneno 600 kila Alhamisi. Makala ya kwanza ilihusu vidole kukunjamana ukikaa sana majini. Nikajaza "mfumo wa neva unaojiendesha". Simu ikaita, ni mhariri: "Hiki nini? Waambie tu kwamba kidole kilichokatika neva hakikunjamani, wataelewa kuwa si maji yanayoingia kwenye ngozi." Ule mswada wa miaka minne haukuwahi kunipa somo kama hilo, maana hakuna aliyekuwa akiusoma. Na Alhamisi ikifika, aya ya ufunguzi inaondoka ilivyo, iwe imependeza au la.

Ukipata safu, pigania uhuru wa kuchagua mada. Asimov alikuwa nao. Mwezi huu kemia, mwezi ujao nyota. Ukifungiwa kwenye mada moja nyembamba, miezi sita haiishi utakuwa unajirudia.

Jingine, ulizia haki ya kuzikusanya makala zako, na jibu liwe kwa maandishi. Mimi nilikuwa na haraka ya kuona jina langu, nikatia saini bila kusoma. Makala zangu 20 za mwanzo ni mali ya mchapishaji mpaka leo. Hata nikitaka kuziweka kitabuni lazima niombe ruhusa.

Kuhusu kuacha kazi, sina mengi. Asimov alikuwa mhadhiri wa biokemia Chuo Kikuu cha Boston, akaacha kufundisha mwaka 1958, wakati kalamu ilishaupita mshahara. Mrabaha wangu wa kwanza ulitosha kiti, ndicho hiki nilichokalia, kwa hiyo kesho asubuhi naenda kazini kama kawaida.

Wiki hii zamu ni ya kwikwi. Leo Jumatano usiku, na aya ya ufunguzi bado.