Mtoto wa miezi 20 anayekataa kila kitu

Waalaykum salaam, dada yangu. Umeuliza kama mwanao wa miezi 20 ameharibika tabia, kwa kuwa kila aambiwalo hujibu "sitaki". Hajaharibika; kati ya miezi 18 na 24 watoto wengi huanza kujitambua kuwa ni watu mbali na mama zao, na kwa neno hilo hupima uwezo wao. Binti yangu, hapa Wete, ana miaka miwili: kila asubuhi huzipanga ndara za watu wote barazani, za babu yake mwanzo, na ukiigusa hata moja hulia mpaka irudi ilipokuwa. Mimi humwachia achague, kikombe hiki au kile, na ugomvi hupungua. Kumchapa, nakuomba sana, usimchape.