Jibu: kwa nini ukiongeza kidogo tu cha kitu kingine seramiki inageuka superkondakta?

Mkuu umeuliza inakuwaje seramiki ambayo haipitishi umeme kabisa ikichanganywa na strontiamu kidogo inageuka superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa sana. Siri iko kwenye elektroni aisee. Chukua oksaidi ya lanthanamu na shaba, ikiwa safi ni insuleta (haipitishi umeme), elektroni zimebanana kama abiria wa daladala asubuhi, hakuna wa kusogea. Sasa lanthanamu ina chaji +3 na strontiamu ni +2, kwahiyo ukibadilisha baadhi, elektroni zinapungua na kwenye matabaka ya shaba na oksijeni yanabaki mashimo (nafasi tupu za elektroni), hapo ndo mwendo unaanza. Ukifika kama mashimo 16 kwa kila atomu 100 za shaba unapata Tc (jotoridi ambalo chini yake usuperkondakta unaanza) ya juu kabisa, karibu kelvini 38, ukizidisha inashuka tena mpaka inakufa.

Ile ya yitriamu, bariamu na shaba (YBCO, ya 1987) haihitaji hata strontiamu, unacheza na oksijeni tu. Ikiwa O6 (atomu 6 za oksijeni kwenye fomula yake) ni insuleta, ikikaribia O6.95 unapata kelvini 92 hivi, na nitrojeni kimiminika inachemka 77 kwahiyo inatosha kuipoza. Ndo maana watu wanaichoma kwenye oksijeni halafu wanaipoza polepole, ukiwa na haraka imekula kwako.

Ila usiguse shaba yenyewe! Zinki kidogo tu ikikaa nafasi yake Tc inaporomoka, na cha ajabu inaharibu kuliko nikeli yenye usumaku. Yitriamu ukiibadilisha na gadoliniamu wala haistuki.