Kumpata mwenzako wa kusoma naye falsafa ngumu

Ukitangaza kwamba unatafuta watu wa kujadili falsafa, watakuja wengi, na wengi wao wanatafuta wasikilizaji. Nimekaa sana kwenye vikao vya namna hiyo. Mada ni uhuru, au maana ya maisha, kila mtu ana la kusema, jioni inaisha kwa kelele na hakuna aliyefungua kitabu. Sivichukii, vina raha yake. Ila kama shida yako ni hoja ya Kant au Hume, wanafalsafa wa karne ya kumi na nane, iliyokushinda ukiwa peke yako, pale utatoka ulivyoingia.

Kwa hiyo alika watu kwenye kurasa, achana na mada. Usiseme "njoo tujadili sababu na matokeo." Sema, "Nimekwama kwenye kurasa hizi tatu, tuzisome wote Jumamosi?" Ombi dogo kama hilo lenyewe linachuja. Mpenda kuhutubia atakuwa na shughuli siku hiyo. Anayekuja, hata kama hajawahi kugusa falsafa, huyo mshike.

Mwenzangu ninayemtegemea kuliko wote ni mhasibu. Siku moja tulikuwa na kitabu cha Hume cha 1748, pale anapozungumzia mipira ya biliadi: mmoja unagonga, wa pili unaondoka. Hume anasema tunachokiona ni tukio moja likifuata jingine. Nguvu yenyewe inayoyaunganisha hatuioni popote. Ni mazoea yanayotufanya tutarajie la pili baada ya la kwanza. Mimi nilishaanza kufungua ukurasa unaofuata. Yeye akaweka kidole kwenye mstari. "Subiri kwanza. Amesema hiyo nguvu hatujaiona. Sasa haya mazoea *yanatufanya* tutarajie. Kutufanya huko si ndiyo nguvu ileile? Kaitoa wapi?" Wachambuzi wa Hume wamelumbana sana juu ya swali hilo, na yeye hakuwa na habari nao. Amezoea tu kutopitisha tarakimu isiyo na risiti. Hatukumaliza jioni ile, na ukurasa uliofuata haukusomwa.

Tangu hapo nawatafuta watu ambao kazi yao ni kubanana na maandishi: wanasheria, wafasiri, watengeneza programu, walimu wa hisabati, watu wa dini waliozoea kukaa na aya moja mpaka ifunguke. Waliosoma falsafa chuoni nao wanafaa, ila baadhi yao wana ugonjwa wa kukujibu kwa majina. Unauliza Kant anamaanisha nini, unaambiwa Hegel, mwanafalsafa aliyekuja baada yake, alimwonaje. Dawa yake ni swali moja la upole: "Wapi kwenye ukurasa?" Mwenye ugonjwa mkubwa zaidi ni yule wa "kila mtu na mtazamo wake." Huyo simwaliki tena, kwa sababu akishasema hivyo hakuna kilichobaki cha kuzungumza.

Idadi sibishani sana. Watatu wanatosha. Wakizidi watano, wawili watageuka watazamaji.

Utaratibu niliupenda kutoka kwa marafiki wa Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi, waliokuwa Amsterdam. Mwaka 1663 mmoja wao, Simon de Vries, alimwandikia kumweleza wanavyosoma rasimu zake. Kwa zamu, mmoja anasoma, anaeleza kama alivyoelewa, kisha anathibitisha kila dai kwa mpangilio uleule wa mwandishi. Wakishindwa kuridhishana, wanaliandika lile lililowashinda na kumpelekea Spinoza. Ujaribu hivyohivyo. Ugumu uko kwenye zamu: wiki yako unaitetea hoja kana kwamba ni yako, hata kama huipendi, na hapo ndipo utajua kama uliielewa. Spinoza wa kumwandikia hatuna, lakini daftari la yaliyotushinda tunalo, na mara nyingi ukurasa wa mbele unajibu swali la wiki zilizopita.

Na kama mtu mwenyewe yuko mbali? Andikianeni. Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, alimwuliza mwanafalsafa Mfaransa Descartes kwa barua: roho isiyo na mwili inawezaje kuusukuma mwili? Jibu halikumridhisha, akaandika tena akimbana palepale, na barua zao ziliendelea mpaka karibu na kifo cha Descartes mwaka 1650. Barua ina faida ambayo mazungumzo hayana: huwezi kujificha nyuma ya "unanielewa lakini." Hata mwalimu wa chuo usiyemjua unaweza kumwandikia, mradi swali liwe jembamba, utaje ukurasa na useme umefikia wapi mwenyewe. Wengine hawajibu. Hiyo isikuumize.

Mkishapatana, msianze na mgumu kama Hegel. Anzeni na Tafakuri, kitabu cha Descartes cha 1641. Tafakuri zenyewe ni sita tu, fupi, na zilichapishwa pamoja na pingamizi za wasomi wa wakati ule na majibu yake mwenyewe, yaani ugomvi mtaukuta umeshaandaliwa. Mmoja ashike pingamizi za Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, mwingine majibu ya Descartes, ambayo ni ya mkato na yana hasira kidogo. Wa tatu kazi yake ni kusema lipi kati ya maswali ya Hobbes limekwepwa, na aonyeshe mstari.